Tunapima mahindi mbele ya mashahidi. Tupime pia kazi ya garaji

Wakulima wenzangu, siku ya kupima mahindi kwenye depo, hakuna mwanachama anayekubali gunia lake lipande kwenye mizani yeye mwenyewe hayupo. Anakuja, ao anatuma mtoto wake mkubwa. Anaangalia mizani, anasikia kilo zikitajwa kwa sauti, kisha anachungulia kwenye daftari kuona kama mwandishi ameandika ile iliyotajwa. Kilo 2 zikipotea, tunapima tena. Mpimaji hakasiriki, na hakuna anayesema kwamba mwanachama huyo hana imani. Tunajua wote kwamba mizani haitukani mtu.

Lakini koperative hiyo hiyo ina kamio, kitu chenye bei kupita magunia yote yaliyo ndani ya depo. Siku kamio ikigonjwa, shofere anaipeleka garaji, anamtolea fundi funguo, anasema: «Fundi, ambreyaji inateleza, tutarudi Ijumaa.» Basi. Hakuna karatasi, hakuna shahidi, hakuna aliyeandika gari imeingia namna gani na itatoka namna gani. Tukimaliza tunaita hiyo imani.

Maoni yangu ni haya, na ninajua si wote watayakubali: kesi nyingi tunazopigana na garaji hatuzishindwi siku gari inapoharibika. Tunazishindwa siku gari inapoingia.

Mimi nilisoma mbegu na udongo kwenye chuo cha agronomi, sikusoma moteri. Nikiandika juu ya garaji ni sababu ya kesi moja niliyoiona kwa macho, nikiwa ndani ya kabini. Ilikuwa miaka michache iliyopita, kwa koperative moja ya bonde la Ruzizi ambayo nilikuwa ninaisindikiza. Sitaitaja koperative, wala garaji. Fundi yule angali anafanya kazi na ana watoto wa kusomesha kama sisi.

Kamio ilitoka «muzima»

Ilikuwa mwezi wa saba, mavuno ya sezoni B yamekauka na depo imejaa. Mahindi yalipaswa kufika Bukavu mbele ya fukusi kuanza kuyatoboa, na mbele ya wazazi kuanza kutafuta feza ya minerval. Ambreyaji ya kamio ilikuwa inateleza, hasa kwenye kupanda. Fundi aliandika mapyese ya kununua kwenye kipande cha karatasi ya daftari: diski, sahani yake, rulema, na vitu vingine vidogo. Kwa jumla mistari 7. Mama mtunza feza alinunua kila kitu mwenyewe, kama tunavyofanya sisi wote hapa, juu ya kuogopa bei ya fundi. Kazi ya mikono ilipatanwa dola 150. Tulitoa 100, tukabaki na deni la dola 50.

Siku ya nne fundi alipiga simu: «Kuyeni kukamata gari yenu, iko muzima.» Shofere alikwenda, akawasha, akazunguka mara moja kwenye uwanja wa garaji, akaona ambreyaji inashika vizuri. Akarudi na kamio tupu mpaka depo. Barabara ya bonde ni tambarare, na gari tupu haisemi siri zake.

Kesho yake tulipakia magunia 62. Kamanyola tulipita vizuri. Tulipoanza kupanda Ngomo, nilisikia kelele chini ya miguu yangu, kama vile mtu anasaga mchanga kwenye jiwe. Shofere alitaka kushusha gia, gia ikakataa. Akajaribu tena, ikaingia kwa nguvu, kisha kitu kikavunjika na magurudumu yakashikwa. Tulishukuru Mungu kwa jambo moja: tulikuwa tunapanda. Wote wanaojua Ngomo, kona zake na mabonde yake, wanajua ingekuwaje kama ni wakati wa kushuka.

Msaidizi wa shofere, kijana wa miaka kama 20, aliingia chini ya kamio. Kwenye bwati, yaani sanduku la gia, kuna bushoni ya pembeni. Ukiifungua, mafuta yanapaswa kufika kwenye mdomo wa tundu, uyaguse kwa kidole. Kijana aliifungua, akaingiza kidole, kikatoka kikavu. Hapo akafanya jambo ambalo mimi, mwenye diploma, sikulifikiria: alichukua simu yake akapiga picha. Kidole, tundu, na upande wote wa chini wa bwati.

Picha ilisema nini

Mkulima anaweza kuelewa hili bila kuwa fundi. Ili kubadilisha diski ya ambreyaji, lazima bwati ishushwe chini. Mara nyingi mafundi wanamwaga kwanza mafuta yake. Kazi ikiisha, bwati inapandishwa na mafuta yanarudishwa. Mafuta hayo ndiyo yanayokaa katikati ya meno ya gia ili chuma kisile chuma, na ndiyo yanayopunguza moto. Bila mafuta, gari inaweza kutembea kidogo na ule unyevu uliobaki kwenye meno, hasa ikiwa tupu. Ukiitwisha mzigo na kuipandisha mlima kwa gia ya chini, meno yanasukumana kwa nguvu yote, moto unapanda, rulema zinavunjika.

Sasa, kama mafuta yangevuja njiani, yangeacha alama. Bwati ingelowa kwa nje, na vumbi la barabara yetu lingeshikamana pale kama udongo wa mfinyanzi. Kwenye picha vumbi lilikuwa kavu kabisa. Kwa hiyo hayakuvuja. Hayakuwekwa.

Tulilala mlimani siku mbili tukilinda magunia. Halafu tulikodi gari nyingine ya kupeleka mahindi Bukavu, dola 3 kwa gunia, jumla dola 186. Kamio ilivutwa mpaka garaji ile ile kwa dola 200. Na hapa tulifanya kosa kubwa: tuliiacha ilale kule peke yake, hakuna mtu wetu wa kulala nayo. Asubuhi komite ilipofika pamoja na fundi wa tatu, bushoni ilifunguliwa mbele ya wote. Mafuta yalikuwemo. Safi, rangi ya asali, hata chembe ya chuma haikuonekana ndani yake, wakati bwati yenyewe ilikuwa imesagika. Fundi wa tatu aliyasugua katikati ya vidole viwili, akatuangalia, hakusema neno.

Kama si ile picha ya kijana, kesi ingekuwa imekufa pale pale.

Maneno ya kila upande

Fundi mkubwa alianza kwa kusema: «Mulipakia kupita kiasi. Nyinyi watu wa mahindi tunawajua.» Hapo mama mtunza feza alifungua daftari ya depo. Magunia 62, kila moja na kilo zake, jumla kilo 6,180, pamoja na saini za wapimaji. Karatasi za kamio zinaruhusu tani 7. Neno la mzigo likaisha hapo. Mizani ya wakulima ndiyo iliyotutetea.

Kisha tukamwonyesha picha. Alinyamaza muda mrefu, halafu akasema ukweli wake: «Mafuta ya bwati hamukuleta. Mimi ningeitosha wapi?»

Na kweli, kwenye ile karatasi ya mistari 7, mafuta hayakuandikwa. Sisi tulielewa kwamba mafuta ya zamani yatarudishwa. Yeye alielewa kwamba tutaleta mapya. Mwanafunzi wake aliyafunga bushoni akaenda kazi nyingine. Katikati ya ukimya wa watu wawili, bwati ikafa.

Nataka niwe wa haki hapa. Sisi wakulima tuna tabia ya kununua mapyese wenyewe, kubomoa bei ya kazi mpaka mwisho, na siku ya hasara kusema fundi ndiye aliyekuwa na mzigo wote. Shofere wetu alitoka garaji bila kufungua bushoni hata moja. Tulikuwa na sehemu yetu ya kosa.

Lakini sehemu si nusu kwa nusu katika kila jambo. Anayejua kwamba bwati ni tupu, ao anayepaswa kujua, ni fundi. Yeye ndiye aliyesema «iko muzima». Kama hakuwa na mafuta, alipaswa kuzuia funguo na kusema: leteni mafuta. Mganga hamwambii mgonjwa arudi nyumbani wakati kidonda bado wazi, eti juu ya familia haikuleta uzi.

Sheria yetu inasema vilevile. Kitabu cha tatu cha Kode Sivili, ile dekre ya tarehe 30 Julai 1888 ambayo bado inatumika Kongo, kinasema kwenye artikle 258 kwamba anayemletea mwingine hasara kwa kosa lake lazima airekebishe. Artikle 259 inaongeza kwamba uzembe pia ni kosa, hata kama mtu hakukusudia. Na artikle 260 inamfanya mkubwa wa kazi ajibu kwa makosa ya wale anaowatuma. Kwa hiyo neno «ni mwanafunzi ndiye alisahau» haliondoi deni la mwenye garaji.

Njia mbili za haraka tulizozikataa

Usiku ule vijana wawili wa koperative walikuja kwa prezida. Mmoja akasema: «Papa Prezida, tunamupatia polisi kitu kidogo, wanamufunga huyu fundi. Siku mbili tu ndani, feza itatoka.»

Ninajua njia hii inatumika sana kwetu. Ninajua pia kwamba wakati mwingine feza inatoka. Lakini inatoka kwa nani, na inaingia mfuko gani? Anayefungwa leo kwa dola 20 zako, kesho ndugu zake watatafuta dola 30 za kukufunga wewe. Kazi mbaya ya garaji ni mambo ya sivili: mtu analipa hasara, hafungwi gerezani juu ya bushoni. Tena fundi aliye ndani hatengenezi bwati. Prezida alikataa, na mimi ninamheshimu mpaka leo kwa jibu lile, sababu wanachama wengi walikuwa na hasira na kumpigia kelele kungekuwa rahisi.

Njia ya pili ilikuwa kuvunja mlango wa garaji na kuvuta kamio yetu. Fundi alikuwa ameishika, akisema kwanza tulipe zile dola 50 zilizobaki. Tulimuuliza avoka mmoja, akatueleza jambo ambalo wengi hatulijui. Kongo imo ndani ya OHADA tangu mwaka 2012, na sheria ya OHADA inamruhusu mtu anayekudai feza ya kazi akushikie kitu chako alichopokea kwa njia halali mpaka umlipe deni la kitu hicho. Kwa hiyo kuvunja mlango kungetufanya sisi kuwa wakosefu. Avoka alisema: lipeni dola 50, lakini kwenye risiti andikeni kwamba munalipa bila kukubali kwamba kazi ilifanywa vizuri. Tukafanya hivyo. Sentensi moja ya mstari mmoja, na kesi yetu ikabaki hai.

Baada ya hapo tuliandika barua. Siyo barua ya matusi. Tulieleza tarehe, kazi iliyoombwa, hasara iliyotokea, picha, na kile tunachoomba, tukampa siku 15 za kujibu. Nakala mbili: moja yake, moja yetu yenye saini yake ya «nimepokea». Hapo tena tukakwama kidogo, sababu karte roze ya kamio ilikuwa bado kwa jina la prezida wa kwanza, aliyehama zamani. Fundi akauliza: «Hii gari ni ya nani? Ninajibu nani?» Koperative yenu ikiwa imeandikishwa kwenye rejista ya koperative, kama sheria ya OHADA ya tarehe 15 Desemba 2010 inavyoomba, ina jina lake yenyewe mbele ya sheria: inaweza kumiliki, kudai na kudaiwa. Basi karatasi za kamio ziwe kwa jina hilo, si kwa jina la mtu.

Tulipata nini

Hatukufika tribinali. Tulikaa chini ya paa la garaji, komite yetu, fundi, mafundi wawili wazee wa mjini waliokubaliwa na pande zote mbili, na shefu wa kartie. Mazungumzo yalichukua siku mbili. Bwati ya okazio ilikuwa dola 1,600, kazi ya kuifunga dola 100. Fundi alikubali kazi bure na nusu ya bei ya bwati, dola 800, alipe mara tatu: 300, 300, na 200. Mbili za kwanza alizilipa kwa wakati. Ya mwisho ilichelewa mpaka Desemba, lakini ilifika.

Upande wetu ulibaki na dola 800 nyingine, pamoja na 386 za kuvutwa na kukodi gari. Jumla dola 1,186. Koperative ile ilikuwa na wanachama 94. Ni zaidi ya dola 12 kwa kila nyumba, ndani ya mwezi ambao kila nyumba inatafuta feza ya shule na ya mbegu ya sezoni A. Mama mmoja mjane aliniuliza: «Agronomu, hii kidole kikavu, ni mimi ninaikombola?» Sikuwa na jibu la kumpa, na bado sina.

Wengine walisema tungekwenda Tribinali ya Amani, tungepata yote. Labda. Lakini hakimu angetuuliza swali lile lile: ni wapi imeandikwa kwamba mafuta ya bwati yalikuwa ndani ya kazi? Tungeonyesha nini? Kipande cha karatasi ya mistari 7, bila tarehe, bila saini. Ile nusu tuliyoilipa ndiyo bei ya karatasi ambayo hatukuiandika.

Karatasi moja, dakika kumi

Tangu siku ile koperative ile haipeleki kamio garaji bila karatasi moja ya pande mbili, iliyoandikwa kwa Kiswahili. Ninaitetea karatasi hiyo kila ninapopita, na ninawaomba muige.

Upande wa kwanza unajazwa gari inapoingia. Tarehe, namba ya gari, kilometa, mafuta ya tanki yako wapi. Vitu vilivyomo: gurudumu la akiba, krike, batri, funguo za kazi, karatasi za gari. Ugonjwa kama shofere anavyousema kwa maneno yake. Kazi inayoombwa. Halafu mistari ya mapyese na mafuta yote, ya moteri, ya bwati, ya ponti, ya breki: kwa kila moja, ni nani ananunua? Kama ya zamani inarudishwa, iandikwe «ya zamani inarudi». Bei ya kazi, feza iliyotolewa, siku ya kumaliza. Pyese za zamani zirudi kwa mwenye gari, ndani ya mfuko. Saini mbili.

Upande wa pili unajazwa gari inapotoka, mbele ya shofere na fundi pamoja. Bushoni zinafunguliwa na mafuta yanaguswa kwa kidole. Gari inajaribiwa barabarani, siyo ndani ya uwanja tu, na kama inawezekana mahali penye mlima kidogo. Kisha inaandikwa kazi iliyofanyika, kazi iliyobaki, na siku ambazo fundi anaahidi kurudia bure kama tatizo lile lile likirudi. Usiweke saini kwamba kila kitu ni sawa mbele ya kujaribu.

Na kama hata hivyo gari imeharibika njiani baada ya garaji, mambo ni matano. Simama, usilazimishe gari ifike. Piga picha mbele ya kugusa, na chukua majina ya walioona. Piga simu kwa fundi siku ile ile, na umtumie pia ujumbe wa kuandika ili ubaki ndani ya simu. Usifungue moteri ao bwati mpaka yeye, ao mtu wake, na fundi wa tatu wawepo. Na gari isilale garaji bila mtu wenu.

Wanaokataa wanasema nini

Nimesikia majibu matatu. La kwanza: «Mafundi watakataa kusaini.» Wengine watakataa, ni kweli. Lakini fundi anayekataa kuandika kwamba ataweka mafuta, amekwisha kukuambia jambo la maana mbele hujamtolea funguo. Tena mafundi wazuri wanaipenda karatasi hii. Mmoja aliniambia inamlinda dhidi ya shofere anayeiba batri njiani na kusema ilipotea garaji.

La pili: «Wanachama wetu wengi hawajui kusoma.» Lakini daftari ya depo inaandikwa kila wiki, na yule asiyesoma anaweka kidole. Anayeandika kilo za mahindi anaweza kuandika mafuta ya bwati.

La tatu ndilo gumu zaidi: «Fundi ni ndugu yetu, tunasali naye, karatasi italeta baridi katikati yetu.» Ninalielewa neno hili, mimi pia nina ndugu mafundi. Lakini angalieni kile kilicholeta baridi kwa kesi ile. Hapakuwa na karatasi, na watu wawili waliofahamiana miaka 9 walifika hatua ya kuitana mwizi na mwongo mbele ya watoto wao. Kama mstari wa mafuta ungeandikwa, fundi angesema «leteni lita kadhaa», tungenunua, na siku ile tungekula mahindi ya kuchoma pamoja.

Kwa hiyo ninaomba jambo moja. Kwenye mkutano ujao wa komite, wekeni karatasi ya garaji kwenye ajenda, hata kama kamio yenu iko muzima leo. Kubalianeni ni nani atakayeijaza: shofere peke yake haitoshi, aende na mwanakomite mmoja. Angalieni karte roze iko kwa jina la nani. Na wale wenye pikipiki, mashine ya kusaga ao pompi ya maji, karatasi ni ile ile, mabadiliko ni kidogo tu.

Koperative ambazo zimekwisha kupita kwenye kesi ya namna hii, mtuandikie kupitia animateri wenu mlivyofanya, hata kama mlishindwa. Koperative nyingine zitapata kujifunza hapo.